Salamu za Kashindye

Mwaka ule Urambo nzima ilimsifu mume wangu.
Walisema uzee umemlainisha Kashindye,
siku hizi hapiti mlango wa mtu bila kusimama:
kwa Mwashi fundi cherehani, mwangaluka,
kwenye mashine ya kusaga, mwangaluka,
hata kwa Lushinge, ambaye walinunianana miaka tisa
kwa ajili ya mpaka wa shamba,
anasimama, anauliza habari za mbuzi.
Lushinge akaniambia, sauti imemkauka:
shemeji, kumbe ni mtu.

Mimi nilijua.
Nilimfuata kwa nyuma nikihesabu hatua:
mia na ishirini, mguu wa kushoto unamkaba,
anasimama, anamsalimu aliye karibu,
maumivu yanaachia, anaendelea.
Mia na ishirini. Baadaye tisini.
Masika yalipofika, arobaini,
na kati ya mlango wetu na choo hakuna mtu,
akawa anamsalimu jogoo.

Usiku aliuning'iniza mguu pembeni mwa kitanda.
Niliushika: baridi, kama chungu kilichosahauliwa nje.
"Ganzi tu, Kalunde."
Akawasha sigara aliyoisokota mwenyewe
kwa jani la shamba letu, daraja la kwanza,
lile ambalo mnunuzi alilinusa akafumba macho.

Daktari wa Dodoma alikuwa binti, umri wa kitinda mimba wetu.
Akapapasa nyuma ya goti, kifundo, unyayo,
akitafuta pigo, asilipate.
Akachora bomba kwenye karatasi, akalijaza wino.
Kashindye akaguna:
"Hilo nalijua. Bomba la bani."

Miaka thelathini amejenga mabani ya kukaushia tumbaku,
amelala kando ya tanuri akililisha kuni,
na kila mwisho wa msimu aliingiza ufito mrefu,
gunia nchani, akakwangua masizi polepole,
maana bomba likiziba moshi unarudi, jani linaungua,
na ukibomoa ukuta ili ulifikie
umepoteza bani.
"Basi na mimi sibomoi ukuta," binti akasema.

Walimtia ganzi ya kinena tu. Macho wazi.
Kwenye kioo akauona mto wake mwenyewe
ukishuka pajani, mweusi, mnene,
kisha ukikatika, Ugalla wa kiangazi:
kidimbwi, mchanga, kidimbwi.
Waya ukapenya, mwembamba kuliko singa.
Nyuma ya waya puto; likavimba, likasukuma kuta, likanywea.
Nyuma ya puto kijibomba cha wavu,
hicho wakakiacha humo kiishi.
Joto likamshuka hadi vidoleni.
"Kalunde," aliniambia baadaye, "nilidhani nimejikojolea."

Tulirudi na treni. Waliochanga wakaja.
Hebu tuone.
Akashusha ukanda kidogo, kwa adabu:
kibandiko, na chini yake nukta,
alama ya mwiba wa mgunga.
Kimya. Mihambo, mtunza hazina wa mchango, akavua miwani, akaivaa tena.
"Ng'ombe wawili na magunia saba ya mahindi,
kwa tundu hili?"
Walitaka mshono. Walitaka kovu la kuhesabika.

Sasa anatembea.
Anampita Mwashi, anapita mashine ya kusaga,
mkono juu, hageuki.
Wanasema Dodoma imemharibu, ana kiburi.
Sigara ameacha; mfukoni ana jani moja kavu,
analitoa, analinusa, analirudisha.
Anayeumia ni Lushinge. Kila asubuhi yuko kizingitini
na habari za mbuzi mdomoni.
Jana nikamwambia mume wangu: simama, hata kwa uongo.

Leo nimemfuata tena, nikihesabu kwa mazoea.
Mia na ishirini. Mia tatu. Mia tano.
Kwa Lushinge akasimama.
Niliutazama mguu: haukumkaba.
Akauliza, yule mwenye pembe moja,
amezaa?